Ukuta wa Mwalimu, Nyumba ya Wifi

Jumatatu, 8 Januari

Wifi amehamia leo. Amekuja na cherehani yake ya miguu, pasi mbili, meza ya kukatia, magunia ya vitambaa na kioo kirefu kilichoviringishwa ndani ya godoro. Godoro lenyewe ndilo kitu pekee kilichoonyesha kwamba kuna mtu anakusudia kulala. Nikamwambia hii ni nyumba, si kiwanda. Akanijibu, "Wifi, mimi nalala kidogo tu. Kazi ndiyo inayokaa hapa."

Niandike mambo kwa utaratibu kabla joto halijanipotezea akili. Manispaa inataka kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo, na ramani zinazoshindana ni mbili. Moja ni yangu. Nimefuata maghorofa ya zamani aliyoyachora Mwalimu wangu enzi za ujana wake: paa juu ya paa, hewa ikipita katikati, kivuli kirefu mbele ya madirisha, na upande wa korido, ukuta mzima wa matofali ya matundu ili upepo uingie huku na kutokea kule. Hakuna mashine hata moja. Ramani ya pili ni ya mwenzangu wa ofisini ninayemwita Bwana Vioo, maana akiachiwa huyu ataweka vioo hata kwenye banda la kuku. Nyumba zake zimezibwa kila upande na zinapozwa kwa kiyoyozi.

Kila mmoja amejengewa jengo dogo la mfano na watu wamepewa wakae humo kiangazi chote. Mvua zikikaribia, Kamati itakuja kuamua. Chumba changu kisipokuwa na nafuu kuliko nje wakati wa alasiri, masanduku ya Bwana Vioo ndiyo yatakayojengwa, na Wifi na wenzake watahamishiwa humo, wawe na uwezo wa kuwasha hizo mashine au wasiwe nao.

Kura ilimwangukia Wifi mwenyewe, sikuichezea, ingawa mume wangu ananitazama kwa jicho la pembeni. Mwaka jana, kwenye kile chumba chake cha bati, dada yake huyu alizimia kwa joto akipiga pasi, na pasi ikamlalia mkononi. Kovu lipo hadi leo. Kila nikiliona nakosa raha.

Jumatano, 10 Januari

Kipimajoto cha ofisi kimefungwa ukutani kwa Wifi. Kinajiandikia chenyewe usiku na mchana. Wifi amekipa jina: Mpelelezi.

Jumamosi, 13 Januari

Nimempeleka Mwalimu akaone jengo. Anatembea kwa fimbo siku hizi, na ngazi tatu za mbele zilimsumbua, lakini alikataa mkono wangu. Tukaingia kwa Wifi jua likiwa limeanza kuinama. Mwanga ulipita kwenye matundu ukaanguka sakafuni, vidoa mraba mraba kutoka mlangoni hadi chini ya meza. Mwalimu alisimama akaangalia.

Nilipokuwa mwanafunzi alitupeleka darasa zima kwenye yale maghorofa yake, saa kama hii, tukatazame vidoa hivyo hivyo. Siku ile ndipo nilipojua nitafanya kazi gani maishani. Leo nimemweleza Wifi habari hiyo nikiwa nimesimama pale pale kwenye mwanga, na nikasema sijawahi kuona kitu kizuri kuliko hiki. Machozi yalinilenga. Sikujali.

Wifi alitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akauliza kama Mwalimu atakunywa chai.

Alhamisi, 18 Januari

Joto. Mbwa wa mlinzi hataki hata kubweka.

Jumanne, 23 Januari

Nimechukua karatasi za kipimajoto za wiki nzima na nimezirudia mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Alasiri, ndani kwa Wifi kuna joto sawa na nje. Siku nyingine linazidi. Nyumba mbili za jirani, kulia na kushoto, zilizojengwa kwa ramani hiyo hiyo, zina nafuu. Ya kati ndiyo inawaka, na ya kati ndiyo Kamati itakayoitazama, maana ndiyo yenye kipimo.

Bwana Vioo alipita mezani kwangu akaona uso wangu. "Pole, dada," akasema. Na alimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 29 Januari

Nimegombana na Fundi. Nilimwambia ameziba nafasi kati ya paa mbili juu ya chumba cha kati ili apunguze kazi. Aliweka mwiko chini, akajifuta mikono taratibu, akasema, "Mama, mimi nimejenga kama ulivyochora. Ukitaka kuhakikisha, tupande."

Ijumaa tunapanda.

Ijumaa, 2 Februari

Tumepanda, tumefungua. Nafasi ipo, safi, upepo unapita mpaka shati la Fundi lilijaa likawa puto. Nimemwomba radhi pale pale juu ya paa. Akasema yameisha, ila nilivyoshuka alinishikia ngazi kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kama mtu anayeshusha mzigo wa thamani asiouamini. Naye ana haki.

Jumapili, 4 Februari

Nilimpigia Wifi simu asubuhi kwamba tunakuja, mimi na mume wangu. Tukakaa hadi jioni. Chumba kilikuwa kitamu, upepo unapita, vidoa vya mwanga sakafuni, Wifi akitutania kwamba tumenenepa. Nikatoka nimechanganyikiwa. Tukiwa njiani nikamwambia mume wangu: kila nikienda, chumba kinapoa, nikiondoka, kinawaka.

"Labda kinakupenda," akasema.

Sikucheka. Nimepekua zile karatasi tena. Ni kweli. Siku nilizomtembelea Wifi, mstari unashuka. Siku nyingine zote uko juu.

Alhamisi, 8 Februari

Leo nitaandika sana.

Mchana nilikuwa kwenye uwanja wa jengo kuangalia mabomba. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Mimi huwa siendi kwa Wifi bila kupiga simu. Hata mama yangu alinifundisha kwamba nyumba ya ndugu wa mume haiingiwi kwa ghafla. Lakini kiu ilinizidi, na mlango wake ulikuwa hatua chache. Nikapiga hodi.

"Subiri kidogo," Wifi akajibu kutoka ndani. Nikasikia pilikapilika. "Nani?"

"Mimi, wifi yako."

Mlango ukafunguliwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja anafunga vifungo vya blauzi yake, ameniangalia kwa aibu. Wifi ana taulo lenye maji shingoni. Na joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria.

Ukuta wa matundu haukuwepo. Mahali pake kulikuwa na pazia, kutoka dari hadi sakafu, la viraka vya kila rangi. Lilikuwa limeshonwa kwa subira ya ajabu: kila mahali penye tundu alikuwa ameweka kiraka chake cha mraba, mistari ikifuata mistari ya Mwalimu sawasawa. Ungedhani ukuta umevaa gauni.

"Hili ni nini?" nikauliza.

"Pazia."

"Naona ni pazia."

Wifi akamgeukia mteja. "Dada, pitia kesho, mkono utakuwa tayari." Mwanamke yule akapita pembeni yangu akatoka upesi. Wifi akavuta kiti. "Kaa kwanza, wifi. Utagomba ukiwa umekaa."

Nikakaa. Wiki mbili nzima sipati usingizi, nimemvunjia heshima Fundi, nimefungua paa, kumbe upepo umezuiwa na kitambaa.

"Yule uliyemkuta nilikuwa nampima," akasema. "Mtu akivua nguo hapa, koridoni kule wanapita baba za watu na ndoo zao za maji. Nimwambie nini, akavulie barabarani? Siku ya pili tu nilipoteza wateja wawili. Na huo upepo wako nao. Nakata kitambaa, nageuka kuchukua pini, mkono wa gauni uko mlangoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulisimama hapo hapo ukalia kwa ajili ya vidoa vya jua. Na mzee wako yule kasimama na fimbo yake, anaangalia sakafu kama anaangalia mjukuu. Nikajisemea, huyu ni mke wa kaka yangu, kazi yake ndiyo hii, nimvunje moyo kwa sababu ya blauzi ya mtu? Basi ukipiga simu, nalitoa. Ukiondoka, nalirudisha."

"Na joto?"

"Joto nimelizoea, wifi. Wewe hujazoea kushindwa."

Nilimwonea hasira na nikamwonea huruma kwa pamoja. Ananitunzia moyo wangu huku yeye anaiva. Nikamwangalia lile kovu mkononi, linang'aa kwa jasho, na nikalia kweli kweli, si kwa ajili ya vidoa vya jua. Yeye akanipa kona ya lile taulo lake la maji.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Basi leo kaa hapa uwajue."

Nikakaa. Wateja wakaja, wakaenda. Alipima, alikata, alikanyaga cherehani, alipiga pasi. Koridoni hapakuwa kimya hata kidogo: jirani wa kulia anasuka watu nywele mlangoni pake, wa kushoto anakaanga maandazi ya kuuza. Nilikuwa nimewachorea watu wanaolala. Hawa mchana kutwa wako kazini, na kazini kwao ni hapa.

Jua lilipoinama nilipiga magoti nikainua upindo wa pazia kwa chini, kiasi cha shubiri mbili, nikaubana na pini. Upepo ukaingia kwa chini ukapita miguuni pa Wifi. Yeye akaacha kukanyaga. Akatazama mezani. Vipande vyake vya karatasi vilikuwa vimetulia vile vile.

"Acha hapo hapo," akasema.

Nikapanda juu ya kiti nikalishusha pazia kutoka dari, nikalifunga kwenye matundu chini kidogo. Joto la juu likaanza kutoka; ukiweka kiganja unalisikia likipita. Katikati, kuanzia gotini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, pazia likabaki. Wifi akasimama mbele ya kioo chake, akavua kitenge begani, akajiangalia, akasikiliza watu wanavyopita nje bila kumwona.

"Sasa hii ni nyumba," akasema. Na mimi nilijua ukuta wa Mwalimu umekufa.

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda kwa Mwalimu. Nilimkuta amezungukwa na michoro yake ya zamani, ameikunjua mezani kwa furaha ili anionyeshe. Ikanibidi niseme hivyo hivyo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ule ukuta ndio jengo. Ukiuondoa, umebaki na chumba."

"Mwalimu, ulipokuwa unachora, mchana nani alikuwa nyumbani?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Simwogopi akikasirika, namwogopa akifikiri.

"Hakuna mtu," akasema. "Mume nilimpeleka kazini. Watoto niliwapeleka shule. Mke nilimchorea jiko." Akapitisha kidole kwenye ukuta kwenye karatasi, tundu kwa tundu. "Tulikuwa vijana. Tuliamini watu watabadilika wafanane na nyumba."

Nikamwomba ruhusa. Akakunja mchoro.

"Usiniulize. Ukiniuliza nitasema hapana. Wewe ndiye mwenye hiyo nyumba sasa."

Nimerudi nyumbani sina furaha. Miaka yote nilimwona mtu mkubwa asiyehitaji kitu. Leo nimemwona mzee anayeishi peke yake na karatasi, na nilikwenda kumchukulia moja.

Jumatatu, 12 Februari

Nimemweleza Mwenyekiti wa Kamati kila kitu, pazia na yote. Ni mama asiyetabasamu, koti lake halivuliwi hata kiangazi. Akasema, "Badilisha, lakini tarehe ya kuja kwetu haibadiliki." Bwana Vioo angeweza kupinga. Hakupinga.

Jumatano, 14 Februari

Tumevunja. Fundi alitoa matofali ya katikati moja moja, hakuna lililopasuka, akayapanga kivulini kama vyombo vya harusi. Mimi sikuweza kuangalia tofali la kwanza. La pili nililipokea kwa mkono wangu. Safu za chini na za juu zimebaki na matundu, wavu kwa ndani kuzuia panya na wadudu. Katikati ni ukuta mzima.

Fundi aliuliza matofali haya yaende wapi. Nikamwambia ayatunze.

Jumatatu, 19 Februari

Mstari umeshuka. Nimeuangalia nikiwa nimesimama. Umeshuka, na sikuwa nimemtembelea.

Ijumaa, 23 Februari

Joto kali kuliko yote. Ofisini watu wanagombania feni. Mstari wa Wifi bado uko chini.

Jumatano, 28 Februari

Bwana Vioo alikuja mezani kwangu, akafunga mlango, akakaa. Nikadhani kuna msiba.

"Ile habari ya pazia ilininyima usingizi," akasema. "Jana na mimi nikaenda kwa watu wangu bila taarifa."

"Ukakuta nini?"

"Nimekuta familia nzima imekaa nje chini ya ukuta. Kiyoyozi kimezimwa. Huwa wanakiwasha wakiniona natokea kwenye kona. Baba mwenye nyumba kaniambia, tunaona haya, mhandisi, mashine yako nzuri lakini umeme unakwenda kama maji."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka mhudumu akafungua mlango kuangalia. Wasanifu wawili wazima, kila mmoja anatunziwa heshima na watu wanaochemka.

Jumapili, 4 Machi

Nimempigia Mwalimu, nimemkaribisha Jumanne. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Jumanne, 6 Machi

Kamati ilianza kwa Bwana Vioo. Aliwasha kiyoyozi mbele yao, na chumba kikapoa. Kisha, bila kuulizwa, akawaeleza aliyoyakuta nje chini ya ukuta. Mwamba ngoma huvutia kwake, husemwa, lakini leo huyu mtu hakuvutia kwake. Sitamwita tena jina lile. Au nitamwita, lakini kwa upendo.

Walipofika kwa Wifi, Mwalimu alikuwa ameshatangulia. Sikujua. Alikuja kwa teksi peke yake, na Wifi akamkaribisha kiti karibu na cherehani. Nilimkuta anautazama ukuta, ule wa katikati mzima mweupe, na moyo ukanipasuka. Vidoa vya mwanga vilikuwa vimebaki safu chache tu, vinapita sakafuni hadi kwenye viatu vyake.

"Umeukata," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Wifi, ambaye haogopi mtu, akachukua futi yake ya kamba. "Mzee, shati hilo limekupwaya. Simama nikupime." Na Mwalimu, ambaye mimi sijawahi kumwona bila tai, akavua shati lake akabaki na fulana katikati ya chumba. Koridoni walipita watu na ndoo. Hakuna aliyemwona. Wifi alimpima mabega, mikono, shingo, akamrudisha kwenye kiti. Akaanza kukanyaga cherehani. Upepo ulipita miguuni.

Mwenyekiti na wenzake waliingia wakiwa wanaongea. Wifi akainua kidole.

"Taratibu," akasema. "Mzee amelala."

Alikuwa amelala kweli, kidevu kifuani, fimbo mapajani. Saa ya alasiri, saa ambayo jiji zima linajipepea. Basi Kamati nzima ikaendesha kazi yake kwa kunong'ona. Walinong'ona kuhusu paa, wakanong'ona kuhusu wavu. Karani alimwendea Mpelelezi akasoma kipimo, akamwonyesha Mwenyekiti kwa vidole badala ya kutamka. Mwenyekiti alisimama karibu na matundu ya chini, muda mrefu, mikono mfukoni. Koti lake lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote, na usoni hakuwa na tone la jasho.

Tukatoka koridoni. Hata huko aliendelea kunong'ona, sijui kwa nini. "Jengeni hizi," akaniambia. "Na yule mama msimwondoe hapo."

Mwalimu alipoamka wote walikuwa wameondoka. Akauliza Kamati inakuja saa ngapi. Nikamweleza. Akavaa shati lake, akafunga tai.

"Katika maghorofa yangu," akasema, "sijawahi kulala hata mchana mmoja." Akaniomba mkono tushuke ngazi. Pale chini aliona matofali yake yamepangwa kivulini, akayagusa kwa fimbo. "Haya yaweke kwenye ngazi za jengo jipya. Kule hakuna anayevua nguo."

Jumatano, 7 Machi

Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Mume wangu alipiga simu ofisini akasema naumwa.

Jumatatu, 19 Machi

Msingi unachimbwa. Fundi ameniomba nisimame mbali, ananijua.

Jumamosi, 24 Machi

Mvua. Ilianza alfajiri, na hadi sasa haijapumua. Nilikuwa dirishani na chai yangu simu ilipolia.

"Wifi," akasema Wifi, na nilisikia cherehani inakwenda kwa nyuma. "Haya matundu yako ya chini."

"Yamefanyaje? Maji yanaingia?"

"Maji hayaingii. Miguu yangu inaona baridi. Nimetoa lile pazia langu, nimelikunja, nataka niyazibe. Nikaona safari hii nikwambie kwanza."

Nililazimika kuweka kikombe chini. Nilicheka, na machozi nayo yakaja, na yeye akanisubiri.

"Ziba, wifi," nikamwambia. "Ziba yote."